Haidroliki Nayo Ina Namba

Mwalimu mmoja wa shule ya msingi hapa Gairo alinipigia simu asubuhi ya baridi, mwezi wa sita. "Shikamoo mhandisi. Gari langu limeanza kulia." Nikamuuliza linalia vipi. Akasema likipanda kilima linatoa mlio mwembamba kama wa mashine ya kusaga iliyo mbali, na akikanyaga mafuta injini inanguruma lakini gari haliendi kwa kadiri ya ngurumo ile. Nikauliza limefanyiwa nini karibuni. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Nilibadilisha haidroliki wiki mbili zilizopita. Nilitaka kulitunza."

Nimekaa na sentensi hiyo ya mwisho muda mrefu. Aliyelitelekeza gari lake likamfia njiani ana la kujilaumu. Huyu mama alijinyima, akaweka akiba, akampelekea fundi fedha taslimu, na gari likaumia katika matunzo yenyewe.

Nilipokwenda kulitazama nilikuta Vitz la mwaka 2006, lile umbo la pili. Nikachomoa stiki ya giaboksi na kuifuta kwa kitambaa. Kwenye chuma chake, kwa herufi ndogo ambazo unahitaji mwanga wa jua kuzisoma, pameandikwa aina ya oili inayotakiwa: ya CVT. Kilichokuwa ndani kilikuwa chekundu, safi, kipya kabisa. Fundi alikuwa bado na dumu lake, limeandikwa ATF Dexron III, oili ya otomatiki za kawaida, si ya CVT. Hakuwa tapeli. Alikwenda dukani, akaomba haidroliki ya gari la otomatiki, akapewa haidroliki ya gari la otomatiki. Muuzaji naye hakumdanganya mtu.

Kosa limejificha ndani ya neno. Ingia dukani uombe tairi, muuzaji atakuuliza namba ngapi. Omba betri, atauliza N ngapi. Hata balbu atataka uioneshe ya zamani. Omba haidroliki, atakuuliza jambo moja tu: lita ngapi? Neno letu hilo moja limebeba vimiminika zaidi ya kumi ambavyo havibadilishani nafasi, na kwa kuwa jina ni moja, sote tumeamini kitu ni kimoja. Ninachodai katika safu hii ni kwamba haidroliki ni spea kama spea nyingine zote. Ina namba, na inunuliwe kwa namba.

Kwa nini nalisemea Gairo? Kwa sababu ya mahali mji ulipo. Dereva anayetoka Dar es Salaam kwenda Dodoma, safari ya kilomita 450 hivi, anapita Morogoro na Dakawa kwenye ardhi iliyolala, anafika Dumila na Magole bado yuko bondeni kwenye tambarare ya Wami. Kutoka hapo barabara inaanza kuinuka, inapita upande wa Berega, na inapofika kwetu Gairo amekwisha kupanda zaidi ya nusu kilomita kwenda juu, maana mji huu uko zaidi ya mita 1,000 kutoka usawa wa bahari. Injini haisemi mengi kuhusu kupanda huko. Mzigo mkubwa unabebwa na giaboksi. Na tangu Serikali ilipotangaza mwaka 2016 kwamba inahamia Dodoma, magari madogo ya watumishi na wafanyabiashara, IST, Premio, Harrier, Crown, yanapanda na kushuka mlima huu mwisho wa wiki hadi mwisho wa wiki. Ongeza yale yanayokwea kwenda Nongwe, kwenye safu za Ukaguru, na kurudi yamejaza maharage hadi kwenye kiti cha mbele. Gari lililotengenezwa likae kwenye foleni ya Tokyo linapewa kazi ya punda.

Sasa tuingie ndani ya boksi lenyewe. Katika gari la gia za mkono, oili ya giaboksi ina kazi nyepesi: ilainishe meno ya gia. Ndiyo maana fundi mzoefu wa malori anaweza kuimimina bila wasiwasi mwingi. Katika otomatiki ya kawaida, oili ndiyo inayoendesha gari. Nguvu ya injini inapita katikati ya oili ndani ya torki konveta: upande mmoja unairusha, upande wa pili unasukumwa nayo, bila chuma kugusana na chuma. Oili hiyohiyo, ikiwa na presha kutoka kwenye pampu, inabana klachi ndogo zilizopangwa kama sahani ili gia iingie. Inapita kwenye vijia vyembamba vya valvu bodi, na hapo presha yake ndiyo amri. Inabeba joto hadi kwenye rejeta. Na kazi iliyo ngumu kuliko zote ni hii: iruhusu sahani za klachi ziteleze kidogo sana, kwa sehemu ya sekunde, kisha zishikane bila kukwaruzana. Ikiteleza mno, gia inachelewa na sahani zinaungua. Ikishika mno, gari linashtuka kila gia inapoingia. Kiasi hicho cha kuteleza hupangwa na kemikali ambazo kila kampuni imezichagua kulingana na karatasi iliyobandikwa kwenye sahani zake.

Historia yake inaonesha jinsi kemikali hizo zilivyo na uzito. General Motors ilitangaza oili yake ya kwanza ya kiwango maalumu, Type A, mwaka 1949, miaka kumi baada ya kuanza kuuza otomatiki ya Hydra-Matic. Kitu kilichotumika wakati ule kuipa oili tabia ya kuteleza kwa kipimo kilikuwa mafuta ya nyangumi. Marekani ilipopiga marufuku bidhaa za nyangumi mwanzoni mwa miaka ya 1970, wakemia wakalazimika kutafuta mbadala, na fomula ya mwanzo ilileta matatizo ya kutu kwenye vipoozeo hadi ikarekebishwa. Kiungo kimoja kidogo kilibadilika, magari yakaumwa. Dexron, iliyorithi nafasi ya Type A, ikaendelea kwa vizazi, ya III ikatoka katika miaka ya 1990, kisha ya VI ikaja 2005. Baada ya hapo General Motors ikaacha kabisa kutoa leseni za Dexron III. Maana yake, dumu linaloandikwa Dexron III leo halina mwenye jina anayelisimamia. Linaweza kuwa oili nzuri ya kampuni inayojiheshimu, linaweza kuwa chochote. Na ndilo dumu lililojaa kuliko yote kwenye rafu za maduka yetu.

Rangi haisaidii. Wekundu ni rangi iliyotiwa makusudi ili mtu aone tone chini ya gari na ajue halikutoka kwenye injini. Dexron ni nyekundu, T-IV ya Toyota nyekundu, WS nyekundu. Kuchagua haidroliki kwa wekundu ni sawa na kuchagua dawa kwa rangi ya kidonge.

Kwa kuwa magari mengi hapa ni Toyota, nitakaa hapo kidogo. Toyota za otomatiki ambazo mtu wa Gairo atazikuta zinagawanyika makundi matatu. Za miaka ya 1990 mwishoni hadi katikati ya miaka ya 2000, zenye gia nne, mfano IST ya kwanza ya 2002 hadi 2007 na Harrier ya 2.4 ile inayoitwa tako la nyani, zinataka T-IV. Za gia tano na sita zilizofuata, kama Mark X na Crown za kuanzia katikati ya miaka ya 2000, zinataka WS. Kundi la tatu ni CVT. Tofauti ya T-IV na WS unaweza kuiona kwa macho ukizimimina kando kwa kando: WS ni nyepesi. Kwenye joto la nyuzi 100 mnato wake uko karibu na sentistoki 5.5, wakati T-IV iko kwenye 7. Weka T-IV kwenye boksi la WS na kompyuta ya gari, ambayo imefundishwa kutarajia oili nyepesi, itakosea muda wa kuingiza gia. Weka WS kwenye boksi la zamani lenye pampu iliyochoka, presha inapungua.

CVT ni mnyama mwingine kabisa. Ndani yake hakuna gia nne wala sita. Kuna puli mbili na mkanda wa chuma katikati yake, na puli zinapanuka na kusinyaa ili mkanda upande au ushuke. Chuma kinaubana mkanda wa chuma, na kinachozuia usiteleze ni utando mwembamba wa oili iliyoundwa ishike inapobanwa. ATF ya kawaida imeundwa kwa kusudi jingine, iache klachi iteleze kwa ulaini. Ukiimimina kwenye CVT unaupaka mkanda kitu kinachomwambia ateleze, naye anatii. Kila anapoteleza anachora uso wa puli. Mchoro huo haufutiki. Mlio aliousikia mwalimu kilimani ulikuwa sauti ya mkanda kwenye mchoro.

Sasa mtego uliowanasa wengi. Vitz la kwanza, la 1999 hadi 2005, kwa sehemu kubwa ni gia nne, T-IV. Vitz la pili, kuanzia 2005, kwa sehemu kubwa likaja na CVT. IST ya kwanza ni gia nne. Ya pili, kuanzia 2007, nyingi zikaja na CVT, ila ile ya kuvuta magurudumu manne haikuwa nayo. Premio ya 2007 kuendelea ni CVT. Noah ile ya zamani ilibadilika katikati ya uhai wake: za kabla ya nusu ya pili ya 2004 ni gia nne, zilizofuata za kuvuta mbele ni CVT, na kwa nje unahitaji jicho la mnunuzi kuzitofautisha. Jina la gari halikuambii kitu. Fundi anayesema "IST nazijua, nimezifanya nyingi" anaweza kuwa anasema kweli na bado akaliua gari lako.

Kinachokuambia ni kibati. Fungua boneti, tafuta bati dogo lililogongomelewa kwenye ukuta kati ya injini na dashibodi. Kwenye magari mengine liko kwenye nguzo ya mlango. Utaona namba ya chesisi, namba ya rangi, na mstari ulioandikwa Trans/Axle. Herufi ya kwanza baada ya hapo ndiyo unayoitaka. Ikianza na K, kama K210, K310 au K410, hiyo ni CVT, usibishane nayo. Ikianza na U, kama U340E au U241E, ni otomatiki ya kawaida ya gari la kuvuta mbele. A ikifuatiwa na namba kama 760 au 960 ni ile ya magari marefu ya kuvuta nyuma. Ukishajua hilo, chomoa stiki uisome, kwa sababu Toyota nyingi zenye stiki zimeandikwa pale aina ya oili. Zisizo na stiki mara nyingi zimegongwa herufi WS kwenye nati ya kujazia. Gari linajitangaza lenyewe. Tatizo letu ni kwamba tunamuuliza muuzaji kabla ya kuliuliza gari.

Wenye Nissan wana familia yao: X-Trail ya kwanza ni otomatiki ya kawaida na Matic yake, iliyofuata 2007 pamoja na Dualis ni CVT na NS-2. Honda Fit ya vizazi vya mwanzo ina HMMF yake, na ni gari lenye wivu. Ukiliwekea ya jirani linaanza kutetemeka kila linapoondoka. Wenye Subaru ninawaonya jambo moja tu: kwenye baadhi yake nati ya kumwagia oili ya giaboksi iko mahali ambapo fundi mgeni huidhania ni ya injini. Anamwaga haidroliki, anajaza oili mpya kwenye injini ambayo bado ina ya zamani, na gari linaondoka gereji likiwa na ugonjwa kwa pande mbili.

Nirudi mlimani, maana hata oili sahihi inauawa hapo. Adui wake ni joto. Kanuni wanayoitumia wakemia wa vilainishi ni kwamba kila nyuzi 10 zinazoongezeka, kasi ya oili kuchakaa inakaribia kuongezeka mara mbili. Giaboksi lenye afya linafanya kazi kwenye nyuzi 80 hadi 95 hivi. Sasa fikiria hali ambayo kila anayepita hapa anaijua: lori la mafuta mbele yako, limeshikwa na mlima, linakwenda kilomita 25 kwa saa, mstari haujakatika, huwezi kulipita. Uko kwenye D. Kwa mwendo huo klachi iliyo ndani ya torki konveta, ile inayofunga pande mbili zizunguke pamoja, inaachia. Nguvu yote inapita kwenye oili inayokorogwa, na sehemu nzuri ya petroli yako inageuka joto ndani ya boksi. Mshale wa joto kwenye dashibodi haukuambii, kwa sababu unapima maji ya injini. Dakika 20 za namna hiyo, gari limejaa na kiyoyozi kinawaka, zinaweza kula uhai wa oili kuliko safari nzima ya tambarare.

Dawa iko mkononi mwa dereva. Kwenye gari la gia nne kuna kitufe cha O/D pembeni ya mkono wa gia. Kibonyeze, taa ya O/D OFF iwake, gari liache kubembea kati ya gia ya tatu na ya nne. Mlima ukikaza, shusha kwenye 2. Kwenye CVT nyingi za Toyota kuna herufi S au B, zitumie. Injini itapiga kelele zaidi na utaona kama unaionea, lakini oili inapoa. Acha nafasi kati yako na lori ili uende kwa mwendo mmoja badala ya kuvuta na kuachia. Na wale wanaoshuka kutoka Gairo kwenda Dumila wakiwa kwenye N ili kuokoa mafuta, nawasihi waache. Gari lenye sindano za kisasa likishuka likiwa kwenye gia hukata mafuta kabisa. Likiwa kwenye N linayachoma ili injini isizimike. Hamuokoi kitu, na breki ndizo zinazobaki peke yake.

Kuna jambo la Gairo hasa ambalo sijaona likiandikwa, nalo linaniuma. Maji yetu yana chumvi. Wenyeji tunalijua hilo tangu utoto, ni kilio cha mji huu cha miaka mingi. Gari likichemsha hapa, dereva anaomba maji kwenye nyumba ya karibu au kibanda cha viazi vitamu, anapewa kwa ukarimu, anajaza rejeta, anaondoka. Sasa kipoozeo cha haidroliki cha magari mengi kimo ndani ya rejeta hiyohiyo: bomba jembamba la oili likiwa limezama kwenye maji. Maji ya chumvi yanakula chuma polepole. Siku bomba linapotoboka, oili na maji vinakutana. Injini ikiwa inazunguka oili inaweza kutokea kwenye maji. Ukizima gari, presha ya maji ya moto inabaki na ya oili inashuka hadi sifuri, basi maji ndiyo yanayoingia kwenye giaboksi. Humo yanalainisha gundi inayoshika karatasi za sahani za klachi. Ukichomoa stiki ukaona oili imekuwa kama maziwa yaliyotiwa rozela, usiwashe gari hilo tena, hata kwa kulisogeza kivulini. Kushusha giaboksi ni bei ya gari zima kwa baadhi yetu. Lita mbili za kulanti kwenye buti, au hata maji ya mvua yaliyokingwa safi, ni bei ya sahani ya chipsi na kuku.

Nifike kwenye mabishano ambayo hayaishi gerejini: kwamba ukibadilisha haidroliki ya gari la zamani unaliua. Wanaosema hivyo wameona kwa macho yao, siwadharau. Gari liliingia likitembea, likabadilishwa, baada ya wiki likalala. Lakini wengi hupeleka gari kubadilishwa likiwa limekwisha kuanza kuteleza. Sahani zake zimekwisha, na kilichokuwa kinaisaidia klachi kushika ni oili nzito iliyojaa unga wa sahani hizohizo. Oili mpya inauondoa unga, ukweli unajitokeza. Kuna pia kuoshwa kwa nguvu: fundi anafunga mashine ya presha, au mbaya zaidi anapitisha petroli au dizeli ndani "kusafisha", uchafu uliokuwa umetulia chini unang'oka na kukwama kwenye vijia vya valvu bodi. Gari lililokuwa likiingiza gia vizuri, likabadilishwa oili sahihi kwa utaratibu, sijaliona likifa kwa sababu hiyo. Na maneno "oili ya maisha" yasikutulize. Gari letu linapofika bandarini limekwisha kuishi maisha moja Japani.

Ushauri wangu kwa aliyeagiza gari ambalo hajui historia yake: vuta stiki kwanza. Ikiwa oili ni ya kahawia lakini haina harufu, na gia zinaingia bila kuchelewa, badilisha. Ikiwa nyeusi na inanuka kama maharage yaliyounguzwa, na gari linasita, kaa na fundi mzungumze habari ya giaboksi kabla ya habari ya oili. Baada ya hapo, kwa mlima huu na mizigo hii, mimi sivuki kilomita 40,000.

Utaratibu wenyewe unataka subira kuliko vifaa. Ukifungua nati ya chini ya sampo kwenye gari dogo hutoka lita tatu hivi, wakati boksi zima lina sita na nusu. Nyingine imejificha ndani ya torki konveta. Kwa hiyo aliyebadilisha mara moja bado anatembea na zaidi ya nusu ya oili ya zamani. Rudia baada ya kuendesha siku kadhaa, inabaki asilimia 29. Rudia mara ya tatu, inabaki asilimia 16 hivi, na hapo unaweza kutulia. Pima kilichotoka kwenye chupa zenye alama, rudisha kiasi hichohicho. Shusha sampo angalau mara moja, badilisha gaskiti na chujio, tazama sumaku zilizo chini. Uji laini wa kijivu ni uzee wa kawaida. Vipande vinavyong'aa unavyoweza kuvishika kwa kucha ni habari mbaya. Tumia faneli ambayo haijawahi kugusa oili ya injini, na funika tundu la stiki, kwa sababu upepo wa Gairo haujui kuwa umefungua giaboksi.

Kisha kipimo. Toyota yenye stiki hupimwa ikiwa moto, injini inazunguka, baada ya kupitisha mkono wa gia kila herufi na kurudi P. Honda nyingi hupimwa zikiwa zimezimwa, mara tu baada ya kupata moto. Magari yasiyo na stiki yanapimwa kwa nati ya kufurikia, oili ikiwa kati ya nyuzi 35 na 45 hivi, na lazima kuwe na kompyuta ya kusoma joto. Kama gereji yako haina, usiruhusu wakisie. Nenda nalo Morogoro au Dodoma. Ikizidi inatoa povu, ikipungua pampu inavuta hewa, na kwa sahani za klachi povu na hewa ni njaa ileile.

Gari likikulalia barabarani, ogopa kamba. Nimeona Premio ikivutwa kutoka hapa hadi Morogoro, kilomita 130 hivi, magurudumu yote chini, na mwenye gari amekaa ndani akishukuru kupata msaada. Pampu ya giaboksi huzungushwa na injini. Injini ikiwa imezimwa, magurudumu yanazungusha vyuma visivyopata oili hata tone. Mwenye gari alifikisha Morogoro ugonjwa wa injini, akaongeza na wa giaboksi juu yake. Tafuta gari la kubeba, au, kama ni gari la kuvuta mbele, magurudumu ya mbele yainuliwe.

Kuhusu kununua: makopo ya Toyota ya lita nne kutoka Japani yana namba ya spea kama kipuri kingine chochote, T-IV ni 08886-01705, WS ni 08886-02305. Ziandike kwenye simu, umtajie muuzaji namba badala ya neno. Kuna kampuni nyingine za heshima zinazotengeneza mbadala. Tafuta dumu ambalo limetaja kiwango unachokitaka kwa jina, na uogope lile linalodai kufaa magari yote na CVT humohumo. Kopo lililofunguliwa na kufungwa tena lina mikwaruzo kwenye kizibo. Ukilishuku lirudishe, na Tume ya Ushindani ipo kwa ajili ya kupambana na bidhaa bandia. Ukimaliza, kata kopo tupu katikati kabla ya kulitupa, asije mtu akalijaza na kumuuzia jirani yako.

Gari la mwalimu tulilimwaga mara tatu ndani ya wiki mbili, kila mara tukirudisha oili iliyoandikwa kwenye stiki yake. Makopo aliyaagiza Dar es Salaam, yakaja kwa basi. Fundi wake alikuja siku zote tatu, bila kuitwa, na ndiye aliyelala chini ya gari. Kwenye sumaku tulikuta uji wa kijivu na, katikati yake, nyuzi tatu za chuma zinazong'aa. Nilimuonesha mwalimu kwenye kiganja changu. Akaniuliza kama litapona. Nikamwambia mchoro ulio kwenye puli hauondoki, lakini akiendesha taratibu, na mlimani akitumia herufi ya chini, linaweza kumvusha mwaka huu na pengine ujao. Mlio umepungua. Kwenye mwinuko wa kwenda shuleni kwake bado unausikia, mwembamba, ukifungua dirisha. Chini ya boneti fundi amebandika kipande cha gundi ya karatasi, ameandika kwa peni ya wino mzito: CVT, si haidroliki.